Mbao za Altare Zinazomkosoa Vasari

Kwa muda mrefu imesadikiwa kwamba Jan van Eyck, mchoraji wa Flanders, ndiye aliyevumbua rangi za mafuta. Habari hiyo ilienezwa na Giorgio Vasari, Mwitalia aliyechapisha maisha ya wasanii mwaka 1550, zaidi ya miaka 100 baada ya Van Eyck kufariki. Mwaka 1774 Mjerumani Lessing aliipinga, akishika kitabu cha Theophilus cha karne ya 12, ambamo fundi anaelekezwa kusaga rangi kwa mafuta ya kitani. Lakini kitabu kikipingana na kitabu, shauri haliishi. Mtu anaweza kuandika jambo ambalo hakuna aliyelitenda. Shahidi aliyebaki ni ubao wenyewe.

Norwei imehifadhi mbao zipatazo 30 zilizopamba mbele ya altare, zilizochorwa kati ya 1250 na 1350 hivi. Wataalamu huchukua chembe ya rangi ndogo kuliko kichwa cha pini, wakaigandisha ndani ya resini, wakaisugua ubavu na kuitazama kwa hadubini. Hapo kazi ya fundi hujionyesha tabaka kwa tabaka: chini kabisa chaki iliyokorogwa na gundi ya wanyama, yenye vigamba vya viumbe wa bahari ya kale, juu yake rangi, na pale panapong'aa kama dhahabu, mara nyingi ni fedha iliyofuliwa ikawa nyembamba mno, kisha ikapakwa vanishi ya manjano. Vipimo vya kemia navyo vinaonyesha kwamba kilichoshika rangi ni mafuta ya kitani.

Wapo watakaosema mafuta hayo yaliletwa na mafundi wa ukarabati. Hoja hiyo ina uzito, kwani picha nyingi za kanisa zimepakwa upya. Ila rangi ya ukarabati hukaa juu ya uchafu na vanishi kuukuu, na huzama kwenye nyufa, hivyo hadubini huitambua. Tena ubao wa altare wa Westminster, London, wa karne ya 13, nao ulichorwa kwa mafuta. Wengine wanaona kuchokonoa picha takatifu ni kuivunjia heshima. Mimi naona heshima imezidi: Van Eyck anabaki na ustadi wake, na mafundi wasiojulikana majina wanarudishiwa kazi waliyoifanya kabla hajazaliwa, pamoja na ile fedha waliyoigeuza dhahabu machoni pa waumini.