Je, Wajua? Ndizi za Kamachumu kwenye Menyu ya Mjini

Siku hizi migahawa ya Dar es Salaam na Mwanza huandika "chakula cha Kihaya" kwenye menyu zake. Kabla hujaagiza, pitia haya.

Je, wajua kwamba "ndizi Bukoba" ya sokoni Dar huenda haikutoka Bukoba, kwa Wahaya wa mkoa wa Kagera? Safari ya barabara kati ya miji hiyo miwili inapita kilomita 1,300. Ndizi nyingi za kupika zinazouzwa jijini hutoka karibu zaidi: Rungwe, Kilimanjaro, Morogoro. Bukoba hapo ni jina la aina ya ndizi tu.

Je, wajua kwamba ndizi za tui la nazi si mapishi ya Kihaya? Kamachumu iko kwenye nyanda za juu wilayani Muleba, Kagera, mbali kabisa na minazi. Huko ndizi hupikwa chungu kimoja na maharage, samaki au nyama, na mafuta ya tangu zamani ni samli. Ndizi za nazi ni tamu, lakini sifa zake ziende pwani.

Je, wajua kwamba hata majirani wanaokula ndizi kila siku hawapiki namna moja? Waganda huzifunga kwenye majani, wakazipika kwa mvuke na kuziponda. Wachaga wana mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Ebitoke, yaani ndizi za kupika za Kihaya, hubaki vipande vizima, zimefunikwa kwa majani ya mgomba hadi ziive. Mtori ukiletwa mezani kwa jina la Kihaya, makabila mawili yamedhulumiwa kwa sahani moja.

Je, wajua kwamba si kila ndizi ya Kagera huingia chunguni? Nshakara, Nyoya, Entobe na Enchoncho ni za kupika. Nkonjwa huchomwa. Embire ni za pombe: hukamuliwa juisi, ikachachushwa kwa mtama, ikawa rubisi.

Je, wajua kwamba ndizi na maharage hukutana shambani kabla ya kukutana jikoni? Kibanja cha Mhaya huchanganya migomba, mibuni na maharage kuzunguka nyumba, na rutuba yake kwa karne nyingi imetegemea samadi ya ng'ombe na majani yanayotandazwa shinani.

Je, wajua kwamba mgomba asili yake ni Asia, na maharage tunayopika nayo asili yake ni Amerika? Wakulima wa Maziwa Makuu ndio waliozilea ndizi za nyanda za juu, vizazi kwa vizazi, hadi zikawa kundi la aina nyingi lenye makao yake hapa. Basi uhalisi wa chakula hauko kwenye mbegu peke yake. Uko kwenye mikono iliyoilea na kuipika.

Je, wajua kwamba sangara na sato wa leo ni wageni Ziwa Victoria? Wote wawili walipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Wenyeji wa ziwa ni ngege, kamongo, furu na dagaa. Mgahawa unaonadi "sangara wa mababu" umewaongezea mababu kitoweo.

Je, wajua kwamba senene, panzi wa kuliwa, wana msimu? Mavuno makubwa huangukia Novemba na Desemba, na mengine madogo Aprili na Mei. Ukiwakuta mezani mwezi Agosti, wamehifadhiwa. Hawahitaji mafuta mengi, kwani hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi inatosha. Na kwa mila ya zamani, wanawake waliwakusanya na kuwaandaa lakini walikatazwa kuwala. Mila hiyo kufifia ni heri.

Je, wajua kwamba kahawa ya heshima ya Kihaya hutafunwa? Buni za robusta huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, kisha mgeni akakaribishwa nazo. Mgahawa wa Kihaya usio na akamwani, yaani kahawa hiyo ya kutafuna, haujamaliza kumkaribisha mtu.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uliripotiwa Muleba? Ugonjwa huu huua mgomba, na kisu kisichosafishwa huusambaza. Migomba mipya ya FHIA, iliyozalishwa na taasisi ya jina hilo nchini Honduras, ilikuwa imeshaletwa Kagera kukabili magonjwa mengine na wadudu. Inazaa mikungu mikubwa, lakini walaji wengi bado huipenda zaidi ladha ya ndizi za kienyeji.

Je, wajua kwamba Louisiana, Marekani, wanaujua mjadala huu wa uhalisi wa majina ya vyakula? Mpishi Paul Prudhomme alifungua mgahawa wake New Orleans mwaka 1979. Samaki wake aliyeunguzwa kwa viungo alivuma duniani kama chakula cha kale cha Wakajuni wa huko, ingawa ni yeye aliyebuni upishi huo. Samaki huyo alisakwa mno hadi serikali ikazuia uvuvi wake wa kibiashara. Jina likivuma bila ukweli wake, hata bahari hulipa.

Ukiketi mezani, muulize mpishi mambo matatu: ndizi ni aina gani, imetoka wapi, na imefunikwa kwa kitu gani. Anayejua atajibu kwa furaha, naye anastahili bei yake. Asiyejua na aandike "ndizi nyama" tu, aache jina la Kihaya kwa wanaolitendea haki. Mkulima wa Kamachumu aliyezilinda Nshakara na Nyoya dhidi ya mnyauko ana haki ya kuona jina la chakula chake likitajwa kwa ukweli.