Simu anayochezea mtoto ndiyo ufunguo wa ofisi ya mzazi

Jioni mzazi akirudi kutoka kazini, simu humtoka mkononi na kuishia kwa mtoto anayetaka katuni. Kwa mzazi anayepokea barua pepe za kazini kwenye simu hiyo, mtoto ameshika ufunguo wa ofisi.

Ofisi nyingi sasa zinawataka wafanyakazi kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni nenosiri. Ya pili ni kuthibitisha kwamba anayeingia anayo simu ya mwenye akaunti. Mwizi akilipata nenosiri peke yake, hukwama mlangoni.

Kwa akaunti ya Google kwenye simu ya Android, mzazi huingia kwenye mipangilio ya simu, akafungua Google, kisha sehemu ya kudhibiti akaunti, halafu usalama. Asipokiona kipengele hicho kwenye akaunti ya kazi, amuulize msimamizi wa mifumo ya ofisi, kwani ndiye anayekiruhusu.

Njia nyepesi ni tarakimu zinazoletwa kwa SMS. Lakini tapeli akifanikiwa kuhamishia namba ya mtu kwenye laini nyingine, SMS zote humfuata yeye. Programu ya Google Authenticator ni salama zaidi: hutoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, hata bando likiwa limeisha. Saa ya simu iachwe ijirekebishe yenyewe, la sivyo tarakimu zitakataliwa.

Ipo pia njia ya ujumbe unaouliza kama mwenye simu ndiye anayeingia, Ndiyo au Hapana. Hapa ndipo penye hatari nyumbani. Mtoto anayetaka katuni yake irudi hubonyeza chochote, na Ndiyo moja inaweza kumfungulia mwizi. Afundishwe mapema: ujumbe kama huo ukitokea, simu irudi kwa mwenyewe. Mzazi ambaye hakuwa akiingia popote ajibu Hapana, kisha abadilishe nenosiri.

Mwisho ni namba za akiba. Google hutoa 10, kila moja ikitumika mara moja tu. Ziandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa, si kupigwa picha na kubaki ndani ya simu hiyohiyo. Siku simu ikiibwa kwenye daladala au ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, karatasi hiyo ndiyo itakayomfungulia mzazi kazi yake.