Fahamu: Mlo wa mimea ni upi, na una faida gani?

Ni mlo unaotegemea nafaka, jamii ya kunde, mboga, matunda, karanga na mbegu. Wengine huacha nyama kabisa, wengine huipunguza tu.

Faida kwa mwili

Nyuzinyuzi za maharage na unga wa dona hulainisha choo na husaidia kupunguza lehemu. WHO hushauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Ladha je?

Mbaazi za nazi kwa mahamri ya moto, au kisamvu kilichoungwa kwa karanga, hushibisha bila kipande cha nyama.

Cha kuzingatia

Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vidonge vya vitamini B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mchicha ukamulie ndimu: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma.