Dawa ya Petroli: Kichupa Kinapoisaidia Injini na Kinaposhindwa

Katika maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, na yale ya Kirinyaga Road, Nairobi, vichupa vya dawa ya petroli hupangwa karibu na plagi na oili, mahali ambapo mteja hawezi kuvikosa. Lebo zake zinaahidi mengi: nguvu zaidi, matumizi kidogo, injini safi, kuwaka kwa mkupuo mmoja. Wanaovinunua wana sababu zao. Dereva wa bodaboda hula kutokana na kinachobaki baada ya kulipia petroli ya siku. Mwenye saluni hutegemea jenereta umeme ukikatika, na mkulima wa nyanya hutegemea pampu jua linapokaza. Watu hawa wanastahili kujua kilichomo kwenye kichupa na kazi inayoweza kufanywa nacho.

Habari ya dawa hizi ilianzia kwenye injini ndogo. Miaka ya 1910, huko Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, Charles Kettering alikuwa akiuza jenereta za Delco-Light kwa wakulima ambao nyaya za umeme zilikuwa hazijawafikia. Jenereta hizo zilitumia mafuta ya taa, na zilikuwa zikigonga. Mafundi wetu wanaijua sauti hiyo. Kwa kawaida cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta, na moto husambaa kwa mpangilio. Mafuta yasiyostahimili joto na mgandamizo hujiwasha yenyewe upande wa pili wa silinda kabla moto haujafika, na mshindo wake huipiga pistoni. Injini ikiendelea hivyo kwa muda mrefu, pistoni hutoboka au ringi huvunjika.

Mwaka 1916 Kettering alimkabidhi tatizo hilo mhandisi kijana, Thomas Midgley. Midgley alidhani kuwa mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatafyonza joto vizuri zaidi. Akatia iodini, na kugonga kukapungua. Alipojaribu rangi nyingine nyekundu hakuona mabadiliko yoyote. Kumbe kilichosaidia ni iodini yenyewe, wala si wekundu wake. Kutoka hapo alijaribu kemikali moja baada ya nyingine hadi tarehe 9 Desemba 1921, alipofikia mchanganyiko wenye madini ya risasi. Kiasi kidogo tu kilitosha kuinyamazisha injini kabisa.

Dawa hiyo ilifanya kazi kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Ilianza kuuzwa Februari 1923 kwa jina la Ethyl, jina ambalo halikutaja risasi popote. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, walifariki baada ya kuvuta mvuke wake, wengine wakiwa wamepagawa hadi kuhitaji kuzuiwa kwa nguvu. Hata hivyo iliendelea kumwagwa kwenye matangi ya dunia nzima, nayo risasi ikatoka kwenye ekzosi na kuingia kwenye mapafu na damu ya watoto, ambao ubongo wao huathirika zaidi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia huko Dakar, Juni 2001, kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimefanikiwa. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, linakadiria kuwa hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Mtu anayeuliza leo “humu ndani mmetia nini?” kabla ya kufungua kifuniko ana haki ya kujibiwa.

Vichupa vingi sokoni bado vinauza kile alichokitafuta Midgley: kupandisha okteni. Okteni ni kipimo cha ustahimilivu wa petroli dhidi ya kujiwasha, wala haipimi nguvu iliyomo ndani yake. Injini iliyotengenezwa kubana mchanganyiko kwa nguvu sana, kama ya gari la mashindano, inahitaji okteni ya juu. Injini ya jenereta haihitaji. Honda GX160, ambayo yenyewe na nakala zake ziko kwenye pampu na jenereta zisizo na idadi, inataka petroli ya okteni 91 tu kwa kipimo cha RON, na petroli halali ya vituo vya Afrika Mashariki inafika hapo. Isitoshe, injini hizi hutoa cheche kwa majira yaliyopangwa kiwandani. Hazina kifaa cha kutambua kuwa mafuta yameboreshwa ili zijirekebishe. Okteni ya ziada huungua na kutoka bila kumwachia mwenye injini faida yoyote.

Lebo nazo zinahitaji kusomwa kwa makini. Chupa ikidai kupandisha “pointi 10”, mara nyingi maana yake ni okteni moja: kutoka 93 kwenda 94. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa na dawa zaidi ya 100 zilizotangazwa kupunguza matumizi ya petroli, na halikupata hata moja iliyopunguza kwa kiwango cha maana. Kuna pia wanaotumbukiza nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini. Nafthalini huyeyuka ndani ya petroli, lakini petroli ikikauka kwenye kabureta hurudi kuwa chengachenga na kuziba vitundu.

Pikipiki iliyotumia petroli ya kawaida mwaka mzima ikianza kugonga ghafla, swali la kwanza ni petroli yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa uliziua injini nyingi katika eneo hili, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na bei nafuu na okteni yake iko chini sana. Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, kisha mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilohilo. Walioumizwa na kodi hizo ni pamoja na mama aliyepikia jiko la mafuta ya taa, na hilo lisisahauliwe. Kwa mwenye pikipiki, hakuna kichupa kinachoondoa mafuta ya taa yaliyokwisha kuingia tankini. Dawa yake ni kumwaga, na kubadilisha kituo.

Hata hivyo zipo dawa mbili zinazostahili bei yake.

Ya kwanza ni ya kusafisha. Masizi hujijenga juu ya pistoni na kwenye valvu, yakapunguza nafasi ndani ya silinda na kubaki na joto, hadi injini ikaanza kugonga au kumisi. Dawa zenye polieteramini, ambayo kwenye lebo huandikwa PEA, huweza kuyalainisha masizi hayo yakaungua na kutoka. Injini hurudi ilivyokuwa, haizidi hapo. Fundi mzuri atashauri oili ibadilishwe baada ya kuitumia, maana sehemu ya uchafu hupita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Kipimo cha kwenye chupa kifuatwe.

Ya pili ni ya kuhifadhi, nayo pengine ndiyo inayohitajika zaidi sasa. Tangu Bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania lianze kuzalisha umeme Februari 2024, jenereta iliyonguruma kila jioni wakati wa mgao wa umeme inaweza kukaa miezi bila kuguswa. Petroli iliyobaki ndani huzeeka. Sehemu nyepesi, zinazosaidia kuwaka, hupotea kwa mvuke. Zilizobaki huungana na hewa na kuwa utomvu. Jeti ya kabureta ina tundu lisilofika milimita moja, na utomvu kidogo tu unaliziba. Dawa ya kuhifadhi huchelewesha hali hiyo, mradi itiwe petroli ikiwa mpya na injini iachwe iwake dakika kadhaa ili ifike kwenye kabureta. Ikitiwa kwenye petroli iliyokwisha kuharibika, haiirudishi. Asiye na dawa ana njia isiyogharimu kitu: afunge bomba la petroli, aiache injini iwake hadi izime yenyewe, kisha alegeze skrubu ya chini ya kabureta na kumwaga tone la mwisho.

Wavuvi wa Mwanza na Lamu wenye mashine za boti za mipigo miwili wako katika hali tofauti kabisa. Kwao kutia kitu kwenye petroli ni lazima, kwa kuwa oili iliyochanganywa humo ndiyo inayolainisha kila kitu. Mashine nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 20 kwa lita, au mililita 100 kwenye dumu la lita tano. Oili ikipungua, pistoni inakamata. Ikizidi, plagi inachafuka, na kwa kuwa oili imechukua nafasi ya petroli, mchanganyiko unakosa mafuta ya kutosha na injini inapata joto. Oili ya boti huandikwa TC-W3, na imetengenezwa isiache majivu kwenye injini inayopozwa kwa maji. Ile ya pikipiki au ya msumeno haifanyi kazi hiyo vizuri. Kipimo kiwe cha chupa yenye alama, si cha kukadiria kwa kifuniko, na tarehe ya kuchanganya iandikwe kwenye dumu, kwa sababu mchanganyiko huo nao huzeeka.