Memori Kadi: GB Iwe Swali la Mwisho

Wapiga picha wengi wa Kitui na Makueni hununua memori kadi kwa swali moja: GB ngapi, na bei gani? Muuzaji anatoa kadi iliyoandikwa GB 128, anataja bei iliyo nusu ya ile ya duka la jirani, na biashara imekwisha. Mimi nasema GB ndiyo iulizwe mwisho. Ndiyo sehemu ya kadi iliyo rahisi zaidi kudanganyiwa, na kwa kazi nyingi za huku kwetu sio inayokwamisha kamera.

Tazama kazi yenyewe. Mpiga picha wa Wote au Mwingi anaishi kwa ntheo (sherehe ya Wakamba ya kupeleka mbuzi wa posa), harusi, mazishi, na mahafali ya chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza. Agosti na Desemba, jamaa wakirudi kutoka Nairobi na Mombasa, anaweza kuitwa kwenye sherehe mbili kwa siku moja. Hakuna hata moja inayorudiwa. Mbuzi wa ntheo wakishapokelewa wamepokelewa, na wazee hawatakubali kuanza upya eti kwa sababu picha hazikushika.

Sasa elewa jinsi kadi feki inavyofanya kazi. Ndani ya kila memori kadi mna vitu viwili: chipu inayohifadhi data, na kidhibiti kidogo kinachoiambia kamera kuna nafasi kiasi gani. Kamera haiipimi nafasi hiyo, inaamini inachoambiwa. Mlaghai huchukua chipu ya GB 8, akakipanga kidhibiti kiseme GB 128, kisha akaibandika nembo ya kampuni yenye jina. Ni mtungi wa lita 5 ulioandikwa lita 20: unaendelea kumimina, maji yanamwagika, wala huoni. Picha za asubuhi, bibi arusi akipambwa, zitatoka vizuri kabisa. Zile GB 8 halisi zikijaa, kamera inaendelea kulia kama kawaida, lakini kinachoandikwa hakina pa kukaa, au kinafuta kilichotangulia. Jioni kwenye kompyuta utaona majina ya faili yote yamepangika, maana orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyo ya kweli. Ukizifungua, nusu ya picha ni kijivu na nyingine hazifunguki kabisa.

Kufomati hakuonyeshi udanganyifu huu, na kupiga picha kumi dukani hakusaidii. Kipimo ni kimoja: ijaze kadi yote, kisha soma kila kilichoandikwa. Programu ya H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux na Mac, zote bila malipo. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujaa, na muda zaidi kusomwa. Usiku mmoja unatosha. Asiye na kompyuta arekodi video hadi kadi ijae, kisha aicheze mwanzo, katikati na mwisho. Tena dai risiti, hata ukinunua Nairobi ukaletewa kwa matatu. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini bila risiti una nini cha kuonyesha?

Baada ya uhalisi, kasi. Namba kubwa iliyo usoni mwa kadi, kama 170 MB/s, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani kuhamisha picha kwenda kompyuta. Kamera inahitaji kasi ya kuandika, na hiyo imefichwa kwenye alama ndogo. Namba 10 ndani ya herufi C, au U yenye 1 ndani, huahidi kuandika angalau MB 10 kila sekunde. U yenye 3, au V30, huahidi MB 30. Video ya Full HD ya kamera nyingi za kawaida hula MB 5 hadi 6 kwa sekunde, kwa hiyo alama ya 10 yatosha. Video ya 4K ya megabiti 100 ni MB 12.5 tu, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Nunua V30 ulale. V60 na V90 ni ghali, na kamera yako ikiwa haina tundu la UHS-II, yaani la kadi za kasi zaidi, hutapata faida yake.

Anayetumia kamera ya mtumba atazame jambo jingine. Nikon D90 ilitoka mwaka 2008, na SDXC, aina ya kadi inayozidi GB 32, ilitangazwa mwaka 2009. Kamera za rika hilo zinataka SDHC, ambayo mwisho wake ni GB 32. Ukilazimisha kubwa zaidi, huenda kamera ikaikataa kabisa.

Kuhusu GB zenyewe, kadi ya 32 hubeba zaidi ya picha 3,000 za JPEG za kamera ya megapikseli 24, au karibu saa moja na nusu ya Full HD. Picha za harusi moja zinaingia humo. Ningependa uwe na kadi mbili za 32 kuliko moja ya 64, ili moja ikifa usipoteze siku nzima. Kamera yenye matundu mawili ya kadi iandike kwenye zote kwa pamoja.

Joto la Mutomo au Kibwezi lisikutishe. Kadi nyingi nzuri zimetengenezwa kustahimili hadi nyuzi 85. Adui ni vumbi linaloingia kwenye miguso ya kadi, hasa ukitumia microSD ndani ya adapta. Zibebe kwenye kikasha kinachofungika. Na picha zikipotea, acha kupiga hapo hapo: kilichofutika kikiandikiwa juu yake hakirudi, lakini kisichoguswa mara nyingi hurudishwa na programu kama PhotoRec.

Kabla ya harusi za Agosti, jaribu kila kadi uliyo nayo. Itakayoshindwa ivunje, isije ikauzwa tena kwa mpiga picha mwenzako.