Lugha ya Mwongozo na Hukumu ya Chombo Kipya

1. Utangulizi

Chombo kipya cha elektroniki kinapofika sokoni, hukumu yake hutolewa mapema mno. Mhakiki wa gazeti hukaa nacho siku chache tu, na mnunuzi hukifungua jioni moja akiwa na shauku ya kukiona kikifanya kazi. Wote wawili hukutana kwanza na kijitabu cha maelezo. Wakishindwa, ni nadra kusema kwamba sentensi fulani ya ukurasa wa nne haikueleweka. Husema kwamba chombo ni kigumu. Kwa namna hiyo kosa la lugha huandikwa katika hesabu ya ufundi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwongozo mbaya unavyoathiri tathmini ya vyombo vya namna hiyo, na kuonyesha kwamba jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi na wafanyabiashara, linawahusu wataalamu wa lugha pia. Kisa cha kompyuta moja ya Marekani kitatumiwa kuwa mfano, kisha mazingatio yataelekezwa kwenye sentensi ya Kiswahili.

2. Upya wa chombo na uzito wa mwongozo

Mtu anayenunua redio leo hahitaji kuelezwa redio ni kitu gani. Amekwisha kuona nyingine, na mkono wake unajua pa kwenda. Ujuzi huo wa zamani huuziba upungufu wa mwandishi mzembe. Lakini chombo ambacho mfano wake haujapata kuonekana hakina msaada huo. Majina ya sehemu zake ni mageni, taratibu zake ni ngeni, na mara nyingi mtumiaji hajui hata swali la kuuliza. Basi kadiri chombo kinavyokuwa kipya, ndivyo mwongozo unavyobeba mzigo mzito zaidi. Na kadiri unavyobeba mzigo mzito, ndivyo udhaifu wake unavyoonekana kuwa udhaifu wa chombo chenyewe.

Mashine za video ni ushahidi mzuri. Betamax ya Sony ilitokea mwaka 1975, na VHS ya JVC mwaka 1976. Ubora wake mkubwa ulikuwa kwamba mtu angeweza kurekodi kipindi cha televisheni akiwa hayupo nyumbani. Hata hivyo, kazi hiyo ilidai hatua nyingi zifuatwe kwa utaratibu, kuanzia kutegesha saa. Katika nyumba nyingi za Marekani saa haikutegeshwa kamwe. Ilimetameta saa sita, mchana na usiku, na mashine ikatumiwa kuchezea kanda tu. Kumetameta huko kukawa dhihaka iliyojulikana na watu wote. Mwaka 1990 kulitolewa mfumo wa VCR Plus+, ambao ulimwezesha mtu kurekodi kwa kuandika tarakimu zilizochapwa gazetini kando ya jina la kipindi. Watu walikuwa tayari kununua njia ya kuukwepa mwongozo.

3. Kisa cha kompyuta ya Adam

Mwezi wa Juni 1983, kampuni ya Coleco ya jimbo la Connecticut ilitangaza kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Adam. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kujipatia sifa kwa mashine ya michezo ya ColecoVision ya mwaka 1982. Wazo la Adam lilikuwa jipya kwa wakati wake: mnunuzi alipata katika sanduku moja kompyuta, kibodi, mashine ya kusoma kanda, programu ya kuandikia, na mtambo wa kuchapa herufi safi kama za taipureta. Katika siku ambazo kila kimojawapo cha vitu hivyo kilinunuliwa peke yake, huo ulikuwa ubunifu wa kweli.

Kompyuta hiyo ilichelewa, ikaanza kuuzwa mwezi wa Oktoba. Tangu hapo malalamiko yakafuatana. Mashine ilipowashwa ilitoa mshtuko wa nguvu za sumaku ulioweza kufuta kanda iliyokuwa ndani yake au karibu nayo. Na hapo ndipo lugha inapoingia: baadhi ya miongozo ya Coleco ilimwamuru mtumiaji atie kanda kwanza, kisha ndipo awashe mashine. Mtu aliyetii maelezo kwa uaminifu ndiye aliyekuwa katika hatari ya kupoteza kazi yake, na mtu asiyesoma kitu alikuwa na bahati ya kunusurika. Hakuna dosari ya uandishi inayozidi hiyo, kwa kuwa humwadhibu msomaji kwa ajili ya kusoma kwake.

Kampuni ilipata hasara ya dola milioni 35 katika robo ya mwisho ya mwaka 1983. Katika maelezo yake ilitaja, miongoni mwa sababu, miongozo ambayo haikumpa mtumiaji wa mara ya kwanza msaada wa kutosha. Mwezi wa Januari 1985 ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza Adam.

4. Lawama iwekwe wapi?

Yafaa kujihadhari hapa. Ungamo la Coleco limependwa na waandishi wa miongozo, kwa kuwa huonyesha kwamba kazi yao ina thamani ya mamilioni. Lakini mwongozo haukuwa mkosaji wa pekee. Umeme wa mfumo mzima wa Adam ulipitia katika mtambo wa kuchapa. Mtambo huo ulipoharibika, kompyuta nzima ilikufa. Hakuna sentensi, hata ingekuwa fasaha namna gani, ambayo ingeondoa kasoro hiyo. Kampuni inapoushutumu mwongozo huenda inasema kweli, na huenda pia inachagua lawama iliyo nafuu, maana kijitabu huchapwa upya kwa gharama ndogo kuliko mashine.

Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu saikolojia ya vitu vya kila siku, alisisitiza kwamba makosa mengi yanayoitwa ya mtumiaji ni makosa ya aliyekibuni chombo. Kwa mtazamo huo, mwongozo mrefu wenyewe ni dalili ya ubunifu mbaya. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Sentensi iliyoagiza kanda itiwe kabla ya kuwasha haikuwa ndefu wala ngumu. Ilikuwa nyepesi, yenye kueleweka, na yenye kupotosha.

Mchango mwingine ulitoka kwa John Carroll na wenzake katika kituo cha utafiti cha IBM huko New York, miaka ya 1980. Waliwachunguza wafanyakazi wa ofisi waliokuwa wakijifunza kuandika kwa kompyuta wakiongozwa na vitabu. Waligundua kwamba wanafunzi hao hawakusoma kama mwandishi alivyotarajia. Waliruka kurasa, walijaribu mambo kabla ya kuelezwa, na walipokosea walishindwa kurudi walikotoka. Carroll akapendekeza kijitabu kifupi kinachoanza na kazi halisi na kumfundisha mtu kulitambua kosa lake na kulirekebisha. Waliotumia kijitabu hicho walijifunza kwa haraka zaidi.

Kutokana na hayo, mhakiki anayetaka kutenda haki hana budi kuyatenganisha maswali mawili. La kwanza: je, chombo kinafanya kazi ipasavyo mikononi mwa mtu anayekijua? La pili: je, mtu asiyekijua anaweza kufikishwa huko na maelezo yaliyomo sandukuni? Chombo kikishindwa katika swali la kwanza, kasoro ni ya fundi. Kikifaulu la kwanza na kushindwa la pili, kasoro ni ya mwandishi. Tathmini inayochanganya mambo hayo mawili huweza kukiua chombo chema, na huweza vilevile kukisamehe kibovu.

5. Sentensi ya mwongozo katika Kiswahili

Je, Kiswahili kina silaha gani katika kazi hii? Mambo manne yanastahili kutajwa.

(a) Mpangilio wa vitendo. Tuseme mwongozo unaagiza: "Bonyeza kitufe chekundu baada ya kuhakikisha kwamba kanda imetolewa." Kisarufi sentensi haina ila. Lakini msomaji anasoma huku kidole kikiwa juu ya kitufe, na anapolifikia neno "baada" amekwisha kubonyeza. Afadhali iandikwe: "Toa kanda. Kisha bonyeza kitufe chekundu." Utaratibu wa maneno ufuate utaratibu wa mikono.

(b) Kauli ya kutendwa. Waandishi wengi huona kwamba kauli hii ina adabu. Lakini "Mashine huzimwa baada ya dakika kumi" inaficha jambo kubwa: ni mtumiaji anayepaswa kuizima, au ni mashine inayofanya hivyo yenyewe? Kiambishi cha kujirejea kinaondoa shaka mara moja: "Mashine hujizima." Na kama ni kazi ya mtu, aambiwe wazi: "Izime."

(c) Upatanisho wa ngeli. Hapa Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina. Katika "Chomeka waya katika chombo, kisha ukifunike," kiambishi "ki" kinatangaza kwamba kinachofunikwa ni chombo. Kama ingekuwa waya, tungepata "uufunike". Lakini neema hiyo inapungua. Majina mengi ya vifaa vipya ni ya kukopa, na huingia katika ngeli moja: betri, redio, swichi, mashine, kompyuta, programu. Sentensi "Toa betri katika redio, kisha uifute kwa kitambaa kikavu" haisemi ni kipi kifutwe. Basi kila tunapokopa jina tunaongeza msamiati, na papo hapo tunapunguza uwezo wa upatanisho kutofautisha vitu. Dawa ni kulirudia jina, ijapokuwa sikio la mwanafasihi halipendi marudio.

(d) Uthabiti wa istilahi. Mwanafunzi wa insha husifiwa kwa kutumia visawe vingi. Katika mwongozo sifa hiyo hugeuka kuwa maradhi. Kitu kilichoitwa kitufe katika ukurasa wa kwanza, kibonyezo katika wa pili na swichi katika wa tatu, kwa msomaji mgeni ni vitu vitatu. Tena kuna maneno yenye mazoea mawili. Watu wengi husema "fungua redio" wakiwa na maana ya kuiwasha. Neno hilohilo katika maelezo ya kubadili betri lina maana ya kuondoa kifuniko. Onyo la "Usifungue chombo" linaweza kueleweka kuwa chombo kisiwashwe, au kuwa kifuniko kisiondolewe. Na anayekosea katika hilo la pili huenda akagusa umeme.

6. Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba siku za kijitabu zimepita, kwa kuwa vyombo vya sasa hujieleza kwenye kioo chake. Kwa kweli mwongozo haukutoweka, umehamia ndani ya chombo. M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, maelezo yake yalikuwa maneno machache katika orodha ya simu. Na pale maneno hayo yalipokomea, wakala au ndugu alimalizia kwa mdomo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kila amri kwenye kioo ilikuwa uamuzi wa mwanaisimu. Neno moja likikosewa mahali kama hapo, mtumiaji hana ukurasa mwingine wa kulitafutia maana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, kijitabu chenye lugha kumi kisichokuwa na Kiswahili kinaleta swali la haki. Lakini kijitabu cha Kiswahili kilichotafsiriwa neno kwa neno, bila ya kujaribiwa mbele ya chombo, hakilijibu swali hilo.

Idara za lugha zimefundisha kwa bidii uchambuzi wa shairi, riwaya na tamthilia, na hapana budi ziendelee. Pamoja na hayo, yafaa zifundishe pia uandishi wa sentensi inayotiiwa. Kipimo cha sentensi hiyo ni rahisi, na hakina huruma: mpe mtu asiyekijua chombo, mpe ukurasa, kisha nyamaza umtazame mikono. Mtu huyo akishindwa, kwa kawaida hujilaumu mwenyewe na kusema kwamba mambo haya ni ya wasomi. Mwandishi wa lugha yake ndiye wa kwanza awezaye kumwondolea lawama hiyo.