Mesaji ya kazi: imekuja kwako peke yako, ao kwa watu wote?



Mesaji inaingia: «Tunatafuta agronome wa Rutshuru, tuma dosye.» Wengi wetu tunabonyeza «Jibu» palepale, tunatuma CV, diplome na karte ya uchaguzi. Kumbe mesaji ilipitia kwa listi ya barua pepe, na kuna listi zilizopangwa hivi: jibu lako linarudi kwa memba wote. Namba ya simu, adresi, majina ya wazazi, vyote mikononi mwa watu usiowajua. Kwa hapa kwetu, ile si jambo ndogo.

Namna ya kujua iko. Kila barua pepe iko na kichwa, mistari ambayo simu haituonyeshi. Ni kama etiketi ya SENASEM kwenye mfuko wa mbegu: maharagi yanafanana kwa macho, lakini etiketi njo inasema yametoka wapi.

Kwa kompyuta, fungua mesaji ndani ya Gmail, bonyeza vidonti vitatu, chagua «Afficher l'original». Tafuta mistari hii:

• List-Id: jina la listi yenyewe. Kanuni yake ni ya mwaka 2001. Ukiikuta, mesaji imepitia kwa listi.
• List-Post: adresi ya kuandikia memba wote. Ikiandikwa NO, ile listi ni ya kutangaza tu.
• List-Unsubscribe: njia ya kujiondoa, tangu 1998. Peke yake haitoshi, juu matangazo ya biashara nayo iko nayo.
• Precedence: list ao bulk. Alama ya zamani, inasaidia tu pale zingine zinakosekana.
• Reply-To: adresi ambayo jibu lako litaenda. Hii usiiruke.

Programu nazo zinasoma mistari hiyohiyo. Ukiweka jibu la otomatiki, «Niko terrain, nitarudi Jumatatu», programu nzuri inatazama kichwa kwanza. Ikikuta List-Id, inanyamaza. Isiponyamaza, listi nzima inaweza kupata habari ya safari yako. Na majibu mawili ya otomatiki yakikutana, yanaweza kujibizana bila mwisho.

Lakini tusidanganyike. Mtu anaweza kuweka watu mia moja kwa Cci, na List-Id isionekane. Na mwizi pia anaweza kuandika List-Id safi kabisa. Kichwa kinakuambia mesaji imepita njia gani, hakikuambii kama kazi ni ya kweli. Wakikuomba feza «ya dosye», acha.

Kwa hiyo, mesaji ikiwa ya listi, usibonyeze «Jibu». Chukua adresi ya kuombea kazi iliyoandikwa ndani ya tangazo, fungua mesaji mpya, andika ile adresi peke yake, soma tena mstari wa «À», kisha tuma. Ni dakika moja tu, na karte yako inabaki kwa mtu uliyemchagua.